Unachotakiwa kuwa nacho ili upewe leseni ya basi la shule Marekani

Mtu anayetaka kuendesha basi la njano la shule nchini Marekani kwa kawaida huanza kwa kuogopa ukubwa wake. Atakataje kona? Atarudije nyuma? Hofu hiyo ina msingi, lakini wengi hawakwami hapo. Wanakwama kwenye karatasi zilizofuatana vibaya, kwenye ukaguzi wa gari waliokariri bila kuuelewa, na kwenye zile sekunde chache za kituoni mtoto anaposhuka. Kitabu rasmi cha CDL, leseni ya kuendesha magari ya biashara, kinasema kwamba kila mwaka wanafunzi wanaokufa wakipanda au kushuka ni wengi kuliko wanaokufa wakiwa wamekaa ndani ya basi. Ukilishika hilo, masharti mengine yote yanaeleweka. Karibu kila alama ya mtihani inauliza kama dereva anaona kinachoendelea nje ya basi lake.

Tuanze na leseni yenyewe. CDL ilitokana na sheria ya mwaka 1986, na tangu tarehe 1 Aprili 1992 hakuna jimbo ambako unaweza kuendesha basi kubwa bila kuwa nayo. Juu ya CDL dereva wa basi la shule anahitaji vibali viwili: P cha kubeba abiria, na S cha basi la shule. S haitolewi peke yake bila P. Mwenye P peke yake anaweza kuendesha basi la jiji, lakini haruhusiwi kuwapeleka watoto shuleni kwa basi la shule.

Daraja la leseni hutegemea hasa kibandiko cha mtengenezaji. Kama uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko ni pauni 26,001 au zaidi (karibu kilo 11,800), unahitaji daraja B. Chini ya hapo, ikiwa gari limeundwa kubeba watu 16 au zaidi pamoja na dereva, ni daraja C. Hapa kuna mtego ambao haupewi uzito unaostahili: basi unalofanyia mtihani ndilo linaloamua utaendesha nini baadaye. Ukifanya kwa basi dogo la daraja C, kibali chako cha abiria kitawekewa kizuizi N, na mabasi makubwa ya daraja A na B hutayagusa ukiwa na abiria. Ukifanya kwa basi lisilo na breki za upepo, unapewa kizuizi L. Ukifanya kwa gia za kujiendesha zenyewe, unapewa E, lakini hiyo haimsumbui mtu, maana mabasi mengi ya shule siku hizi hayana klachi. Kwa hiyo kabla ya kukubali basi lolote la mtihani, uliza mwajiri wako madereva wake wanapangiwa mabasi gani, kisha ufanyie mtihani kwenye lililo kubwa zaidi na lenye breki za upepo. Kufuta kizuizi baadaye maana yake ni mtihani mwingine.

Umri ni miaka 18 kwa safari za ndani ya jimbo na 21 kwa kuvuka mpaka wa jimbo, ingawa majimbo na waajiri wengine wanadai zaidi. Leseni ya kujifunzia, iitwayo CLP, inadai uthibitisho wa uraia au ukaazi wa kudumu. Walio na hadhi nyingine ya uhamiaji wana njia yao tofauti, na kanuni za njia hiyo zimekuwa zikibadilika tangu 2025. Nenda kwanza ofisi ya leseni ya jimbo lako uulize, kisha ndipo ulipe ada ya mafunzo. Usitegemee jibu la mtu aliyepata leseni miaka mitatu iliyopita.

Halafu kuna lugha. Mtihani wa vitendo hufanywa kwa Kiingereza, na mkalimani haruhusiwi. Mzungumzaji wa Kiswahili asikate tamaa hapa, kwa sababu lafudhi haipimwi. Kinachopimwa ni kuelewa maagizo ya mtahini na kutaja sehemu ya gari, unachokiangalia juu yake, na hali inayotakiwa. Msamiati wote wa ukaguzi ni mdogo na unajirudia: haijapasuka, haivuji, haijalegea, imefungwa imara. Jifunze sentensi hizo kwa Kiingereza ukiwa umesimama mbele ya basi, mkono ukigusa kile unachokitaja. Ukijifunza mezani, siku ya mtihani mkono utaonyesha kitu kimoja na mdomo utataja kingine.

Afya nayo ina utata wake. Kanuni za serikali kuu zinataka uwezo wa kuona wa 20/40 kwa kila jicho, kwa miwani au bila miwani, na kusikia mnong'ono kutoka futi 5. Cheti cha daktari hakizidi miezi 24, na daktari mwenyewe lazima awe kwenye orodha ya taifa ya wapimaji. Mwenye shinikizo la damu hupewa cheti cha muda mfupi zaidi. Lakini unapoomba CLP utaulizwa utaendesha safari za aina gani, na kuna makundi manne ya kuchagua. Kuwasafirisha wanafunzi kati ya nyumbani na shule ni miongoni mwa shughuli ambazo serikali kuu imezisamehe cheti chake, huku majimbo mengi yakiwa na upimaji wao wenyewe kwa madereva hao. Anayetiki kundi lisilo lake huja kushtukia leseni yake imeshushwa hadhi kwa sababu kompyuta ya jimbo inasubiri cheti ambacho hakikupelekwa. Mwulize mwajiri kundi sahihi kabla ya kutia saini.

Kabla ya kupewa CLP unafanya mitihani ya maswali: maarifa ya jumla, abiria, basi la shule, na breki za upepo kama basi lako linazo. Alama ya kufaulu kwa kila mmoja ni asilimia 80. Ukishapata CLP, huruhusiwi kufanya mtihani wa vitendo kabla ya siku 14 kupita. Katika muda huo unafanya mazoezi barabarani ukiwa na mwenye CDL ya daraja hilo na vibali vinavyohusika, naye anakaa nyuma yako tu au kwenye safu ya kwanza. Abiria wa kawaida hawaruhusiwi, hata mtoto wako mwenyewe.

Tangu tarehe 7 Februari 2022 kuna sharti jingine, mafunzo ya lazima yaitwayo ELDT. Yanamhusu kila anayeomba CDL ya daraja A au B kwa mara ya kwanza, na kila anayeomba P au S kwa mara ya kwanza. Yana nadharia na vitendo, na nadharia ina mtihani wake wenye kiwango cha asilimia 80. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa na serikali kuu; mkufunzi anakuthibitisha pale unapoweza. Kwa maoni yangu uhuru huo ni mzuri kwa mkufunzi mwaminifu na hatari kwa asiye mwaminifu, kwa hiyo mwanafunzi ndiye adai muda wa usukani. Mkufunzi lazima awe kwenye rejista ya taifa, na wilaya nyingi za shule zimejisajili zenyewe, jambo linalomwokolea mwombaji fedha nyingi. Ukimaliza, mkufunzi ana siku mbili za kazi kuingiza jina lako kwenye rejista. Asipofanya hivyo, au akikosea herufi moja ya jina au tarakimu ya leseni, mtahini hataliona jina lako na mtihani hautafanyika. Siku mbili kabla ya miadi, mwombe akuonyeshe kwamba limeingia.

Kipimo cha dawa za kulevya hakikwepeki. Kuna cha kabla ya ajira, cha kushtukiza, cha baada ya ajali, na cha pale msimamizi anapokuwa na shaka ya msingi. Wengi wamepoteza kazi kwa kudhani kwamba bangi iliyohalalishwa na jimbo lao haihesabiwi. Inahesabiwa, kwa sababu kipimo ni cha serikali kuu. Matokeo mabaya huingia kwenye hifadhi ya taifa iitwayo Clearinghouse, iliyoanza Januari 2020, na tangu Novemba 2024 jimbo linatakiwa kuiondoa CDL ya mtu aliyezuiwa humo hadi akamilishe taratibu za kurudi kazini. Kwa pombe, kiwango cha kukufungia ni asilimia 0.04 kwenye damu, nusu ya kile cha dereva wa gari dogo katika karibu majimbo yote. Alama za vidole na uchunguzi wa rekodi ya jinai ni masharti ya majimbo na wilaya. Huchukua muda, kwa hiyo yaanze mapema.

Sasa mtihani wa vitendo. Una sehemu tatu zinazofuatana: ukaguzi wa gari, kulimudu gari uwanjani, na barabara. Ukianguka ya kwanza huendelei na ya pili.

Ukaguzi ndio unaoangusha watu, na ndio unaostahili nusu ya muda wako wa mazoezi. Tangu 2022 serikali kuu imeyaruhusu majimbo yanayotaka kumsamehe mwombaji wa basi la shule sehemu ya kutaja vilivyomo chini ya boneti, kwa sharti kwamba leseni hiyo itakuwa ya basi la shule tu na ndani ya jimbo. Msamaha huo haugusi kitu kingine. Bado utaonyesha kashata za tairi za mbele zisizopungua sehemu 4 za 32 za inchi, na za nyuma sehemu 2. Bado utatikisa nati, utaangalia springi, na kutafuta mivujo chini ya gari. Kisha kuna vya basi la shule peke yake: taa nane za juu, za rangi ya kaharabu na nyekundu, mbele na nyuma, mkono wa kusimamisha magari, fito ya mbele inayomlazimisha mtoto atembee mbali na bampa, milango ya dharura pamoja na kengele zake, mtungi wa kuzimia moto, kisanduku cha huduma ya kwanza, pembetatu tatu za kuakisi. Kila kiti kisukumwe kwa mkono kuona kama kimeshikwa sakafuni. Kosa la kawaida ni kufungua mlango wa dharura na kuufunga bila kusema kwamba kengele imelia. Mtahini hawezi kukupa alama kwa usichokisema.

Jaribio la breki za upepo ndilo lenye adhabu kali: ukilikosea umeanguka papo hapo. Weka kabari kwenye tairi. Acha injini ijaze upepo mpaka kompresa ikate, kwa kawaida kati ya psi 120 na 140 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Zima injini, rudisha ufunguo kwenye umeme bila kuwasha, kisha achia breki ya kuegesha. Geji ikitulia, kanyaga pedali kwa nguvu na uishike dakika nzima. Upepo usipungue zaidi ya psi 3. Baada ya hapo kanyaga na kuachia mara kwa mara mpaka onyo la upepo mdogo liwake, nalo lazima liwake kabla ya geji kushuka chini ya psi 60. Endelea kukanyaga hadi kitufe cha breki ya kuegesha kiruke chenyewe, kati ya psi 20 na 45.

Makosa manne hujirudia hapo. Wapo wanaosahau kabari. Wapo wanaosahau kurudisha umeme, hivyo kengele ya onyo haina njia ya kulia. Wapo wanaoacha breki ya kuegesha ikiwa imefungwa, na kwa hiyo sehemu ya mfumo ambayo ingeweza kuvuja haijapimwa. Na wapo wanaofanya kila kitu sawasawa kimyakimya, bila kutaja namba hata moja. Anayeelewa kwamba breki ya kuegesha hufungwa na springi, na kwamba upepo ndio unaoizuia springi isifunge, hana haja ya kukariri mpangilio huu. Kwa basi la breki za majimaji, jaribio ni fupi: pampu pedali mara tatu, kisha uishike sekunde tano, nayo isisogee.

Uwanjani kunahitaji mazoezi tu, sina mengi ya kusema. Kumbuka kwamba nyuma ya basi la shule huweza kufagia hadi futi 3 upande wa pili unapokata kona, maana mkia umeachwa mbali nyuma ya tairi. Ukiruhusiwa kushuka kuangalia, shuka.

Kwenye kituo cha watoto ndipo kibali cha S kinapopatikana au kupotea. Eneo la hatari ni hadi futi 30 mbele ya bampa, na futi 10 za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto mfupi humezwa na boneti. Pembeni na nyuma ni futi 10. Vioo vimegawanywa kwa kazi hiyo. Vile bapa vionyeshe nyuma umbali wa futi 200, sawa na urefu wa mabasi manne. Vya mbele vyenye tumbo vionyeshe ardhi kuanzia kwenye bampa mpaka pale macho yako yanapoanza kuona moja kwa moja kupitia kioo kikubwa. Pakibaki ufa kati ya kioo na macho, mtoto anaweza kutoshea humo. Virekebishe vioo basi likiwa limesimama na mtu akitembea kuzunguka, kila unapopewa basi ambalo mwingine aliliendesha.

Utaratibu wenyewe huenda hivi. Taa za kaharabu unaziwasha angalau futi 200 kabla ya kituo, au sekunde 5 hadi 10, au kama sheria ya jimbo inavyosema. Unasimama futi 10 kutoka kwa wanafunzi, ili watembee kulifuata basi na wewe uone kila hatua yao. Gia kwenye Park au huru, breki ya kuegesha imefungwa. Angalia magari pande zote, ndipo taa nyekundu ziwake na mlango ufunguke. Wahesabu wanaoshuka. Anayevuka barabara atembee futi 10 mbele ya basi, asimame usawa wa ukingo wa kushoto wa basi, akuangalie, asubiri ishara yako, aangalie tena mwenyewe. Na kabla ya kuondoka wahesabu tena. Idadi isipokamilika, funga breki, toa ufunguo, shuka ukatazame kuzunguka na chini ya basi. Kitabu kinadai hivyo, na hakuna ratiba inayoweza kulitengua hilo. Mtoto aliyeangusha karatasi huinama kuiokota karibu na tairi bila kufikiri. Fundisha tangu wiki ya kwanza kwamba kitu kikianguka hakiokotwi, dereva anaambiwa kwanza.

Njia ya reli ina kanuni yenye namba mbili: simama si karibu zaidi ya futi 15 na si mbali zaidi ya futi 50 kutoka reli ya kwanza. Hazadi ziwe zinawaka, watoto wanyamaze, redio na feni zizimwe, fungua mlango na dirisha lako, tazama na usikilize. Ukivuka usibadilishe gia juu ya reli. Waombaji wengi husimama vizuri, halafu husahau swali lililo gumu kuliko yote: upande wa pili kuna nafasi ya basi zima? Tarehe 25 Oktoba 1995, huko Fox River Grove, Illinois, basi la shule lilivuka reli na kusimama kwenye taa nyekundu ya makutano, mkia wake ukiwa bado kwenye njia ya treni. Wanafunzi saba walikufa. Dereva wa zamu siku hiyo alikuwa wa kushikilia nafasi ya mwenzake. Jua urefu wa basi lako kwa futi, na ujue nafasi iliyopo kila baada ya reli kwenye njia yako kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hasa kama wewe ndiye unayeitwa kuziba pengo.

Kuhamisha watoto wakati wa dharura ni mada ya tatu ya mtihani wa S. Tarehe 14 Mei 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, lori dogo la mlevi liligonga basi la kanisa lililokuwa zamani la shule. Watu 27 walikufa kwa moto na moshi. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa, na walionusurika walibanana kuelekea nyuma. Ndiyo maana mtahini anataka uonyeshe kila mlango, kila dirisha la dharura na kila kifuniko cha juu, na kwamba mkoba haujaachwa kwenye njia ya katikati. Watoto waliotolewa wapelekwe angalau futi 100 mbali na basi. Ikiwa basi limekwama juu ya reli na treni inakuja, wakimbizwe kwa mshazari kuelekea upande inakotoka treni, huku wakiiacha reli, kwa sababu vipande vya basi hurushwa upande treni inakokwenda.

Leseni ikishapatikana, inaweza kupotea hata kwa makosa ya gari lako binafsi. Kuendesha ukiwa umelewa, gari lolote, ni kufungiwa mwaka mmoja kwa mara ya kwanza na maisha kwa mara ya pili. Makosa mazito mawili ndani ya miaka mitatu ni siku 60, na matatu ni siku 120. Kundi hilo linajumuisha kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi na kushika simu ukiendesha basi. Kutosimama kwenye reli hakusubiri kosa la pili: ni siku 60 mara ile ya kwanza. Ukihukumiwa kwa kosa lolote la barabarani, isipokuwa la kuegesha, una siku 30 za kumwarifu mwajiri wako kwa maandishi. Andika barua hiyo hata kama unaamini mahakama au jimbo limeshamtaarifu.